Meno ya Kwetu

Bibi yangu aliitwa Naipanoi. Alizaliwa Olasiti enzi ya Mjerumani, mwaka ule boma la Wajerumani lilipokuwa limekwisha kujengwa Arusha mjini. Habari hii aliniambia yeye mwenyewe, tena zaidi ya mara moja. Mimi ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima, sijui kupamba maneno. Nitasema nilivyosikia.

Baba yake Naipanoi, Lerionka, alichunga ng'ombe na kulima mahindi na maharage. Mama yake, Nashilu, aliamka mapema kukamua, akachota maji, akapika loshoro, yaani mahindi laini yaliyochanganywa na maziwa mgando. Naipanoi alikuwa na miaka minane. Mdogo wake, Simaloi, alikuwa na minne. Kila jioni baba akirudi na mifugo, watoto waliinamisha vichwa mbele yake, naye akawagusa utosini. Ndivyo tunavyosalimiwa na wakubwa wetu.

Katika kaya hiyo aliishi pia mama yake Lerionka. Watoto walimwita Koko, maana yake bibi. Jina lake lilikuwa Nkasiogi. Koko alikuwa mkali, na hakuwa na meno. Kila mtu alijua sababu. Alipokuwa msichana alipigwa teke la mdomo na punda. Akila, aliziba mdomo kwa ncha ya shuka.

Sasa sikiliza jambo moja kuhusu maji yetu. Maji ya huku chini ya Mlima Meru yana madini mengi. Mtoto akiyanywa tangu utotoni, meno yake hupata madoa ya kahawia. Watu wa huku tumezoea. Ndiyo maana meno ya Naipanoi hayakumshtua mtu mapema. Yalikuwa ya njano, membamba, na mafupi kuliko ya wenzake. Watu walisema ni maji tu.

Zamani hizo Waarusha walikuwa na desturi ya kuwang'oa watoto meno mawili ya mbele ya chini. Siku hizi tumeiacha, na tusiirudie. Naipanoi alipofikia umri huo, Koko alimwita mama mmoja aliyejulikana kwa kazi hiyo. Mama yule alimlaza mtoto, akaweka ncha ya kisu kwenye jino, akasukuma. Jino la watu wengine hutoka zima na mzizi wake. La Naipanoi halikutoka. Lilimeguka vipande vipande.

"Nilihisi mchanga mdomoni," bibi aliniambia. "Nikadhani mama yule amenitia mchanga. Kumbe ni jino langu."

Mng'oaji alijaribu jino la pili. Nalo likameguka. Akasimama, akafuta kisu chake, akaondoka bila kuchukua kibuyu cha maziwa alichoandaliwa. Mlangoni alimwambia Koko kwamba kazi yake ni meno, na yale hayakuwa meno. Yale ni neno la mtu lililoingia kinywani mwa mtoto. Yeye hana mkono wa kugusa laana.

Habari mbaya haina haja ya miguu. Kabla ng'ombe hawajarudi, Olasiti yote ilikuwa imesikia.

Koko hakulia wala hakumpa mtoto pole. Alikaa kizingitini, akaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Mwaka Naipanoi alipozaliwa, Lerionka alikuwa amechukuliwa na askari kubeba mizigo ya ujenzi wa boma. Alikaa huko karibu miezi mitatu. Koko akahesabu, akarudia, kisha akasema mbele ya majirani kwamba mtoto huyu si wa Lerionka. Nashilu alimpata nje wakati mumewe anabeba mawe ya Mjerumani. Wazee waliokufa wameona, nao wameyaozesha meno ya mtoto ili siri itoke.

Nashilu alikana. Alisema mimba ilikuwa imeingia kabla mumewe hajachukuliwa, na kwamba Lerionka mwenyewe anajua. Lakini nani alimsikiliza? Alimtazama mumewe amtetee. Lerionka alitazama chini.

Jioni hiyo Naipanoi aliinamisha kichwa mbele ya baba yake kama kawaida. Lerionka alisita, kisha akapita bila kumgusa. Bibi yangu alifika miaka themanini na kitu, na bado alipofika hapa alijigusa utosini. Alisema maumivu ya jino aliyasahau. Hili hakulisahau.

Koko akamwendea Loishiye, mzee wa ukoo, akaomba chungu kivunjwe.

Wenzangu mnaotoka mbali, niwaeleze. Kuvunja chungu ni kiapo kizito kuliko vyote. Mzee wa ukoo hushika chungu cha kupikia, hutamka maneno juu ya mkosaji, kisha hukipiga chini. Watu waliamini kuwa mkosaji huisha kama chungu kilivyoisha, yeye na watoto wake na wajukuu wake. Walikiogopa kuliko bunduki za askari. Loishiye alipanga siku ya nne. Na maneno yalikuwa tayari: aliyeleta meno haya katika kaya hii, yeye na uzao wake waishe.

Nashilu alijua hana kosa. Hata hivyo aliogopa. Je, chungu kinaweza kukosea mtu? Akifukuzwa, atarudi kwao mikono mitupu. Simaloi atabaki kwa baba yake. Na Naipanoi? Mtoto asiye na baba wala ukoo, mwenye kinywa kinachosemwa kuwa na laana, nani atamfungulia mlango? Usiku alimshika mtoto, hakupata usingizi.

Siku ya pili Koko alisema watatoa uchafu ule kabla ya kiapo. Alichanganya majivu na mchanga, akamsugua Naipanoi meno kwa nguvu. Mtoto alipiga kelele. Meno hayakutakata. Yaliliwa zaidi, na ufizi ukavimba palipobaki vipande vya jino. Ilipofika jioni mtoto alikuwa na homa.

Siku ya tatu, alfajiri, Nashilu alimbeba Naipanoi mgongoni, akamshika Simaloi mkono, akapanda kwenda misheni kule mlimani. Hakumuaga mtu. Njiani wanawake waliotoka kuchota maji walimwona, wakaingia majanini kumpisha. Walikuwa marafiki zake. Mmoja walivuna naye mahindi wiki iliyopita. Nashilu aliongeza mwendo.

Misheni palikuwa na Mmeru mmoja, jina lake Sadoki. Kwa miaka mitano alikuwa msaidizi wa dawa. Alifunga vidonda, alitoa vipande vya mifupa, alijua vinywa vya watu wengi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Hakuuliza habari za laana. Alichemsha maji, akatia chumvi, akamwambia mtoto asukutue taratibu. Kisha akatoa vipande vilivyobaki kwenye ufizi. Naipanoi alimuuma kidole. Sadoki alisema afadhali, meno yanayouma bado yana kazi.

Baadaye akaangalia kinywa cha Simaloi. Akagonga meno yake kwa ukucha. Yalikuwa na madoa kidogo lakini magumu. Akamwomba Nashilu naye afungue mdomo. Yalikuwa ya kahawia kabisa, lakini magumu kama jiwe.

"Mama, watoto hawa wanakunywa maji ya kibuyu kimoja?" aliuliza.

"Kimoja."

"Basi si maji. Maji hupaka rangi, lakini hayachagui mtoto. Jino lina gamba gumu la nje, ndilo linalolilinda. La huyu mkubwa limezaliwa laini. Baba yao ana meno gani?"

Nashilu akajibu kwamba ni ya kahawia kama ya kila mtu. Hapo akashindwa kujizuia. Akalia, akamweleza Sadoki habari za chungu, na kwamba ni kesho. Sadoki alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua fimbo yake, akasema watashuka pamoja.

Walimkuta Lerionka zizini. Hakupenda kuona mtu wa misheni, lakini mgeni ni mgeni. Alimkaribisha, akampa kiti. Sadoki alimwomba aangalie meno yake kwenye mwanga wa jua. Yalikuwa ya kahawia, ni kweli. Lakini yalikuwa mafupi, yameliwa, na gamba limebaki kwenye pembe tu.

"Ukinywa maji ya baridi, meno yanauma?" Sadoki aliuliza.

"Yanamuuma kila mtu," Lerionka akajibu.

Nashilu akasema polepole, "Mimi hayaniumi."

Lerionka akamgeukia mkewe. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni tangu siku ile ya kisu. Miaka thelathini alikuwa anapasha maziwa moto na kuacha maji yakae juani, akidhani binadamu wote wanafanya hivyo. Hakuwahi kumuuliza mtu. Nani anauliza jambo kama hilo?

Sadoki akaonyesha ng'ombe waliokuwa zizini.

"Wewe ni mfugaji, unajua kuliko mimi. Ndama akizaliwa na baka jeupe usoni, unasema amelaaniwa?"

"Hapana. Namtafuta fahali. Au mama yake."

"Na ndama wote wa fahali huyo wana baka?"

"Wengine wanalo, wengine hawana."

"Ndivyo damu inavyofanya kwa watu pia. Mtoto anarithi pua, anarithi rangi, anarithi hata gamba la jino. Simaloi amekosa, Naipanoi amepata. Kwa nini huyu na si yule, sijui. Lakini meno haya hayasemi kwamba mtoto si wako, ndugu yangu. Yanasema ni wako."

Lerionka alikaa chini juu ya majani. Sasa alipata woga wake mwenyewe, na ulikuwa mkubwa kuliko wa aibu. Aliyeleta meno haya katika kaya hii, yeye na uzao wake waishe. Kama Sadoki anasema kweli, kesho chungu kitavunjwa juu ya kichwa chake, na cha Naipanoi, na cha Simaloi.

Sadoki akauliza Lerionka naye aliyatoa wapi. Lerionka akasema baba yake marehemu alivunja mifupa kwa meno mpaka uzeeni. Basi wote wakamtazama Koko, aliyekuwa amekaa mlangoni akisikia kila neno. Koko akavuta shuka juu ya mdomo. Akasema yeye alipigwa teke na punda, watu wote wanajua. Sadoki alikuwa mtu mwenye adabu. Huwezi kumwambia bibi wa watu afungue mdomo mbele ya mkwe wake. Aliaga, akasema atarudi kesho.

Lerionka alikimbia kwa Loishiye kumwomba aache kiapo. Mzee akacheka. Alisema sisi sote tuna meno ya kahawia, je, mtu wa misheni anataka kutuambia kwamba sote ni baba wa mtoto huyu? Kisha akaacha kucheka. Chungu kikishaitwa, hakirudishwi kwa kubahatisha. Labda atokee mtu anayejua kweli, aseme mbele ya watu. Lerionka akarudi nyumbani. Hakula. Koko naye hakula.

Asubuhi ya siku ya nne watu wa ukoo walikusanyika uwanjani. Nashilu aliwekwa upande mmoja na watoto wake. Majirani waliokuja walisimama mbali, ili maneno yasiwarukie. Sadoki alisimama peke yake karibu na ua. Loishiye akaleta chungu cheusi cha kupikia, akakiinua kwa mikono miwili juu ya kichwa. Naipanoi alifumba macho. Alimsikia mama yake akipumua kwa shida.

Loishiye akaanza, "Aliyeleta meno haya..."

"Kiweke chini," Koko akasema.

Loishiye akageuka. Koko alikuwa amesimama. Mzee akamwuliza, mama, si wewe uliyekiita?

"Kiweke chini. Hakuna punda."

Watu hawakuelewa. Koko akatoa shuka mdomoni, akaifungua midomo yake mbele ya mkwe wake, mbele ya wanaume, mbele ya jua. Huko nyuma, kwenye fizi, vilibaki visiki vinne vya njano, vilivyoliwa mpaka chini. Akamwita Sadoki aje aangalie vizuri. Sadoki akaangalia, akatikisa kichwa kukubali.

Koko akaeleza. Kwao kulikuwa mbali, upande wa nyika. Mama yake alikuwa na meno hayo, na kaka yake pia. Vita vilipowatawanya, alikuja kwa Waarusha akiwa msichana asiye na mtu. Meno yake yalikuwa yamekwisha kumeguka. Aliogopa hataolewa, akatunga habari za punda. Mumewe alikufa akiamini hivyo.

Lerionka akamwuliza mama yake, kwa sauti ambayo bibi yangu hakuwahi kuisikia kwa baba yake, kama alijua tangu mwanzo kuhusu Naipanoi.

"Nilijua tangu jino lake la kwanza lilipoota," Koko akasema. "Niliogopa. Nikadhani laana ikipewa mtu mwingine, haitanitafuta mimi. Jana nimesikia kwamba ni damu. Basi nilikuwa nimeita chungu kiwaue wajukuu zangu."

Loishiye akakiteremsha chungu polepole sana, mpaka kikakaa kwenye majani. Hakuna aliyesogea. Lerionka ndiye aliyetembea kwanza. Akaenda moja kwa moja kwa Naipanoi, akaweka mkono wake wote juu ya kichwa cha mtoto, akauacha hapo.

Nisikudanganye, Nashilu hakumsamehe Koko siku hiyo. Alimpikia, alimchotea maji, lakini maneno ya zaidi hakumpa karibu mwaka mzima. Nani angemlaumu?

Lakini nyumba ilibadilika. Sadoki alikuja mara kwa mara kuwafundisha. Mchanga na majivu vikapigwa marufuku. Nashilu alitafuna kijiti cha mswaki mpaka ncha ikawa laini kama manyoya, akamsafisha mtoto taratibu kila akimaliza kula, asubuhi na jioni. Baada ya hapo Naipanoi alisukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Mahindi ya kuchoma, mifupa na miwa akaachiwa Simaloi, naye Simaloi alijidai sana. Naipanoi alikula loshoro, uji na maziwa. Kisu hakikugusa tena kinywa chake. Meno hayakugeuka kuwa meupe, hilo halikuwezekana. Lakini homa hazikurudi, na mengi alidumu nayo mpaka akawa mtu mzima. Koko hakuwahi kupata bahati hiyo.

Sisi wa leo tunajua zaidi ya Sadoki. Mtoto hupokea vinasaba, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Humo ndimo zilimo habari za gamba la jino. Katika ukoo wetu, mzazi mwenye meno haya, kila mtoto anayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuyapata. Katika koo nyingine hali hii hujificha, wazazi wakawa wazima na mtoto akazaliwa nayo. Na si kila jino baya ni la kurithi. Kuna maji, na kuna magonjwa ya utotoni. Usibishane na jirani. Mpeleke mtoto kwa daktari wa meno mapema, meno ya kwanza yanapoota. Leo wanaweza kuyafunika yasiliwe. Na usimtafute mchawi, wala usimhesabie mke wa mtu miezi.

Naipanoi alichumbiwa mwaka Waingereza walipoingia Arusha. Wazee wa upande wa kijana walikuja na asali ya posa. Kabla hawajaifungua, Lerionka alisimama, na watu wakadhani anataka kutaja ng'ombe.

"Binti yangu ana meno ya kwetu," alisema. "Ni laini, na baadhi ya watoto wake watayapata. Yametoka kwangu, na kwangu yametoka kwa mama yangu. Si dhambi ya mtu. Nawaambia leo ili kesho asiulizwe yeye."

Baba yake kijana alitazama asali, akatazama wenzake. Kisha akakohoa.

"Kwetu kuna ugonjwa wa macho, giza likiingia mtu haoni," akasema. "Baba yangu, na ndugu zangu wawili. Nilikuwa nimepanga kuwaambia baada ya harusi."

Lerionka akampa mkono, na asali ikafunguliwa. Mimi nimezaliwa na meno ya Lerionka. Macho yangu, namshukuru Mungu, yanaona mpaka usiku.